Umeitisha kikao cha mawazo, watu wakanyamaza: mwongozo kamili kwa kiongozi

Kuna swali linalonirudia kutoka kwa mameneja, wakuu wa shule na wenyeviti wa vyama, na kila mara lina sura ile ile: "Niliwaita wafanyakazi, nikawaambia wawe huru kutoa mawazo, nikanunua hadi soda. Wakanyamaza. Nilipotoa wazo langu, wote wakasema ni zuri. Sasa nifanyeje?"

Usiwalaumu watu. Mfanyakazi aliyekuamkia shikamoo saa mbili asubuhi hawezi kupata ujasiri ghafla, saa nne, wa kukwambia mbele ya wenzake kwamba utaratibu wako unawachosha wateja. Ukimwambia "uwe huru" humwongezei chochote. Kinachomsaidia ni kikao kilichopangwa kiasi kwamba ujasiri mwingi hauhitajiki.

Nitatumia mfano mmoja wa kufikirika mwanzo hadi mwisho: SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi, ofisi ya watu kumi na wawili, ambako mkopo wa dharura unachukua siku 21 kutoka. Dharura inayosubiri siku 21 ama imeshapita ama imeshazikwa. Wewe badilisha mkopo kwa jambo la kwako, hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa kabla

- Karatasi za A4, tatu kwa kila mshiriki, na selotepu.
- Kalamu za rangi moja kwa wote. Kama mkubwa ndiye pekee mwenye wino wa kijani, karatasi yake itajulikana kabla haijasomwa.
- Karatasi mbili kubwa za manila na makapeni.
- Chumba chenye viti vinavyohamishika. Epuka chumba cha bodi chenye kiti kirefu cha mwenyekiti. Kile kiti kinahutubia hata kikiwa kitupu.
- Simu ya kupimia muda.
- Mwendesha kikao ambaye si wewe na si msaidizi wako wa karibu.
- Muda wa saa mbili nzima, wakati wa asubuhi. Ijumaa iache.
- Kiasi cha fedha ambacho tayari una ruhusa ya kukitumia kwa majaribio. Hata shilingi 200,000 zinatosha. Bila fedha wala ruhusa, unachoitisha ni barza, na barza watu wanayo mitaani kwao.

## Hatua ya 1: Lifuate tatizo hadi mahali lilipolala

Kikao bado. Kwanza chukua fomu tano za mikopo iliyokwisha kulipwa, usome tarehe zake. Ilipokelewa lini? Ilifika lini kwa afisa mikopo? Kamati ilikaa lini? Hundi ilisainiwa lini? Tenganisha siku ambazo fomu ilifanyiwa kazi na siku ambazo ilikuwa imelala kwenye trei. Baada ya hapo kaa mapokezi asubuhi moja, pembeni, bila kutoa amri yoyote, usikilize wanachama wanauliza nini.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu viongozi wengi hutafuta ubunifu kwa tatizo ambalo hawajaliona kwa macho. Katika mfano wetu mwenyekiti anaamini shida ni kompyuta za zamani. Tarehe zinasema vingine: siku 2 kwa afisa mikopo, siku 14 kusubiri kamati inayokutana mara moja kwa mwezi, siku 5 kusubiri mtia saini wa pili anayefanya kazi mji mwingine. Kompyuta haimo kabisa.

Sasa ligeuze tatizo kuwa swali la mstari mmoja. Linganisha haya matatu:

"Tuboresheje huduma kwa wanachama?" Hili ni pana mno. Utaambiwa "tuwe na lugha nzuri kwa wateja", kila mtu ataitikia, na kikao kitakuwa kimekwisha.

"Tutapataje fedha za kununua mfumo mpya?" Hapa jibu umeshalipitisha mwenyewe, unachotafuta ni wa kukuunga mkono.

"Tufanye nini ili mwanachama anayeleta fomu ya mkopo wa dharura Jumatatu apokee fedha kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo hiyo?" Hili linafaa. Lina mtu, lina kipimo, na halijafunga mlango wa jibu.

Tahadhari: usiandike swali lenye mshtakiwa ndani yake. Ukiuliza "Kwa nini kamati inachelewesha mikopo?", wajumbe wa kamati watakuja na utetezi badala ya mawazo.

Utajua swali limeiva ukimsomea mlinzi wa getini naye akakuuliza, "Kwani fomu huwa zinakwama kwa nani?" Akijibu tu "sawa bosi", rudi ukaliandike upya.

## Hatua ya 2: Chagua watu sita wanaolishika tatizo kwa mikono

Sita wanatosha, na mbele utaona kwa nini nimesema sita. Kwa SACCOS yetu: afisa mikopo, keshia, mhudumu wa mapokezi, mhasibu, mjumbe mmoja wa kamati, na mwanachama mmoja aliyewahi kusubiri hizo siku 21. Huyo wa mwisho viongozi humkwepa, na mara nyingi ndiye mwenye habari zote. Mhudumu wa mapokezi naye husikia malalamiko mengi kwa wiki kuliko bodi kwa mwaka.

Sasa suala la posho. Ama walipeni wote sawa, ama asilipwe yeyote. Mjumbe wa kamati akisaini posho na mhudumu akapewa chai pekee, mmeshapanga bei ya mawazo kabla hayajatoka.

## Hatua ya 3: Siku tatu kabla, kila mtu afikiri peke yake

Mpe kila mshiriki swali limeandikwa kwenye karatasi, mkononi, umwombe aje na majibu matatu. Mwambie wazi kuwa majibu ya ajabu yanaruhusiwa.

Sababu yake imepimwa. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliofikiri kwa pamoja dhidi ya watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu mojawapo kubwa, nayo ni ya kawaida kabisa: katika kundi anazungumza mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wanasubiri zamu, na wakisubiri wanasahau, au wanajihukumu wenyewe kimoyomoyo, au wanaacha kufikiri ili wamsikilize anayesema.

Tahadhari: swali hili usiliweke kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Wa kwanza kuandika ataamua mwelekeo, wa pili ataweka dole gumba, na kufikia jioni mtakuwa na wazo moja lenye vidole kumi na kimoja.

## Hatua ya 4: Fungua kwa dakika tano, kisha toka

Ndiyo, toka nje ya chumba. Hapa ndipo wengi wananibishia, na hapa ndipo wengi wanashindwa. Kazi ya kiongozi katika ubunifu wa taasisi ni kuandaa swali, kutaja mipaka, kuweka fedha mezani na kutoa majibu baadaye. Kutoa mawazo ni kazi ya chumba. Ukibaki, hata ukinyamaza, watu watakuwa wanausoma uso wako.

Kabla ya kutoka sema maneno kama haya: "Ndugu zangu, swali ni hilo ukutani. Hatugusi Sheria ya Vyama vya Ushirika, na hatugusi sharti la saini mbili kwenye hundi. Yaliyobaki yote yanaguswa, pamoja na niliyoyaanzisha mimi. Tuna laki mbili za kujaribia. Natoka, nitarudi saa nne na nusu. Wazo nitakalolikataa, nitawapa sababu kwa maandishi."

Mipaka itaje waziwazi. Wapo wanaodhani mipaka inaua ubunifu, lakini mtu asiyeambiwa mipaka hujiwekea ya kwake, na ya kwake huwa finyu kuliko ya sheria. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambako kwa miaka miwili hakuna aliyependekeza kubadilisha fomu ya likizo, kwa kuwa kila mtu aliamini imetoka makao makuu. Ilikuwa imechapwa na katibu muhtasi wetu wenyewe.

Na kama una wazo lako linalokuwasha? Mpe mwendesha kikao mapema, alinakili kwa mwandiko wake na kulichanganya na mengine. Likipita, limepita kwa nguvu zake. Lisipopita, umejifunza jambo kwa bei rahisi.

## Hatua ya 5: Waandike kimya, karatasi zizunguke

Hii ndiyo injini ya kikao. Njia hii ilielezwa na Mjerumani Bernd Rohrbach mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo inakwenda hivi:

Kila mmoja wa watu sita anachukua karatasi na kuandika mawazo matatu kwa dakika tano. Simu ikilia, anampa karatasi jirani wa kulia. Jirani anasoma yaliyopo, kisha anaongeza matatu mengine chini yake: ya kwake mapya, au ya mwenzake aliyoyasukuma mbele. Karatasi zinazunguka mara sita. Watu sita, mawazo matatu, mizunguko sita: 108 kwa nusu saa. Mengi yatafanana, hilo lisikusumbue.

Mwendesha kikao asimamie mambo matatu. Kwanza, kimya cha kweli, hata kicheko kidogo kinachomlenga mtu kizuiwe. Pili, lugha: waandike kwa ile wanayonunulia nyanya sokoni. Ofisi nyingine huendesha vikao kwa Kiingereza kisha zikashangaa mawazo yanatoka yamekauka. Tatu, mwandishi wa taratibu asaidiwe. Anaweza kuchora, au kumnong'oneza mwendesha kikao amwandikie.

Mizunguko miwili ya kwanza itatoa yale yale ya kila siku: tuongeze wafanyakazi, tununue kompyuta, tupewe semina. Usikatishe. Hayo lazima yatoke kwanza, kama maji ya kutu kwenye bomba lililofungwa muda mrefu. Dalili ya mafanikio huja kwenye mzunguko wa nne au wa tano, ambapo mtu hukuna kichwa, hana la kawaida lililobaki, ndipo anaandika kitu kama: "Kwa nini kamati isipitishe kiwango cha kila mwanachama mapema, kabla hata hajapata dharura?"

Kwa maoni yangu, hatua hii ukiiruka huna haja ya kuendelea na zinazofuata.

## Hatua ya 6: Ligeuze swali kichwa chini miguu juu

Wape chai dakika chache, halafu mwendesha kikao aulize kinyume: "Tufanye nini ili mwanachama mwenye dharura akate tamaa kabisa na chama chetu?"

Watacheka, na wakicheka watasema. "Tumwambie arudi kesho." "Tumdai nakala ya kitambulisho ambayo tayari iko kwenye faili lake." "Mtia saini asafiri bila kuaga." "Tumpe fomu ya kurasa sita." Yaandikwe yote kwenye manila.

Kisha mwendesha kikao aulize polepole: "Katika haya, yapi tunayafanya tayari?" Chumba kitatulia. Kwa kawaida alama zinawekwa kwenye mistari mitatu au minne, na kila mstari ukigeuzwa unakuwa wazo lisilogharimu chochote. Tuache kudai nakala tuliyo nayo. Mtia saini wa pili awe na mbadala anayefanya kazi hapa hapa.

Faida yake ni kwamba hapa hakuna anayemkosoa bosi. Mtu anabuni namna ya kuharibu kazi, na mzaha unabeba ukweli ambao kauli ya moja kwa moja isingeweza kuubeba. Tahadhari ni moja: mzaha ukianza kumlenga mtu aliyemo chumbani, mwendesha kikao aurudishe kwenye utaratibu. Aseme "fomu inapofika mezani", asiseme "fomu inapofika kwa mama fulani".

## Hatua ya 7: Bandika, panga, piga kura

Karatasi zibandikwe ukutani bila majina. Yanayofanana yakae pamoja. Kisha kila mtu apate alama tatu za kuweka kwenye mawazo anayoyataka, wote kwa wakati mmoja na bila kuelezana sababu.

Vigezo viandikwe juu kabla ya kura: linaweza kuanza ndani ya siku 30, haligusi mipaka, gharama haizidi kiasi kilichotajwa, na likishindwa tunaweza kurudi tulipokuwa. Chagueni mawazo mawili, moja jepesi la kuanza kesho na moja lenye uthubutu. Ukiruhusu jepesi pekee, chama kitapata fomu fupi na siku zile zile 21.

## Hatua ya 8: Kabla ya kulijaribu, liuweni kwa karatasi

Sasa ni saa nne na nusu, umerudi. Usiulize "mmeona lipi?" kwa sauti ya mtihani. Soma ukuta, kaa kiti cha pembeni, mwache mwendesha kikao aendelee.

Aseme hivi: "Miezi sita imepita. Wazo hili limekufa, tena kwa aibu. Kila mtu aandike kilichoua." Dakika tano, kimya tena. Mwanasaikolojia Gary Klein aliieleza mbinu hii mwaka 2007. Siri yake iko kwenye wakati wa kitenzi. Ukiuliza "mnaona hatari gani?" unamtaka mtu awe mpinzani. Ukisema "limekwisha kufa", unamtaka awe mpelelezi, na upelelezi kila mtu anaupenda.

Kwa wazo letu la kiwango kinachopitishwa mapema, karatasi zinaweza kusema: mwanachama aliacha kazi akiwa na deni, watu waliita "dharura" hata kununua simu, mtia saini wa pili alibaki kule kule mji mwingine. Kila kifo kinadai kinga yake: kiwango kisizidi sehemu fulani ya akiba ya mwanachama mwenyewe, orodha ya dharura iandikwe, mbadala wa saini ateuliwe kwanza. Kifo kisichokuwa na kinga kikitokea, na ni kikubwa, chukueni wazo la pili ukutani. Hakuna aliyepoteza fedha.

## Hatua ya 9: Jaribio dogo lenye jina la mtu mmoja

Hapa taasisi zetu zina ugonjwa mmoja: tunaunda kamati ndogo. Kamati ndogo inaomba hadidu za rejea, hadidu zinaomba kikao, na wazo linazeeka. Mpe mtu mmoja. Andika jina lake, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kundi dogo na namba moja ya kupima. Kwa mfano: "Afisa mikopo, tarehe 1 hadi 30, wanachama 20 wa idara moja. Tunapima siku kutoka fomu kupokelewa hadi fedha kutolewa."

Wakati wa jaribio, tazama watu wanafanya nini hasa na kile mlichowapa, hata kama si mlichokusudia. M-Pesa ilifundisha hili vizuri. Majaribio yake nchini Kenya yalianza mwaka 2005, yakilenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waendeshaji wangeweza kuwaona kama watumiaji wakorofi, lakini walisoma walichokuwa wanaonyeshwa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma fedha. Katika chama chetu, labda utagundua nusu ya "dharura" ni ada za shule za Januari. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ina swali lake.

Tahadhari: usiongeze wanachama katikati ya jaribio kwa sababu limependeza, wala usilisimamishe siku ya nne kwa sababu mtu mmoja amelalamika.

## Hatua ya 10: Rudisha majibu ndani ya siku saba

Ulitoa ahadi chumbani. Itimize. Bandika ukutani karatasi yenye safu tatu: yanayojaribiwa, yanayosubiri, yaliyokataliwa na sababu yake. Sababu iwe ya kweli. "Tutalifanyia kazi" si jibu, na kila mfanyakazi anaijua tafsiri yake. Andika: "Kufungua ofisi Jumamosi: hapana kwa mwaka huu, malipo ya ziada hayamo kwenye bajeti. Lirudi mwezi tutakapopanga bajeti mpya."

Kwa yaliyopita, muulize mwenye wazo kama anataka jina lake litajwe. Akikubali, litaje mbele ya bodi, yeye akiwepo. Wazo la mhudumu likisomwa kwenye taarifa ya mwaka kama "menejimenti ilibuni", kikao chako kijacho kimeshakufa.

Kuna watakaotumia nafasi hii kukumwagia malalamiko ya mishahara, choo kibovu na gari la ofisi. Yapokee. Mkubwa ni jalala. Yaandike kwenye karatasi tofauti, yape tarehe yake ya kujibiwa, lakini yasiingie kwenye safu za swali hili.

## Siku ya 30

Waite wale sita tena kwa dakika 45, chumba kile kile. Aliyelibeba jaribio asome namba: kabla siku ngapi, sasa siku ngapi. Kisha kila mtu aandike, kimya kama mlivyozoea, jambo moja lililomshangaza. Halafu mchague kati ya matatu: kuendelea kwa wanachama wote, kubadilisha kitu kimoja na kujaribu siku 30 nyingine, au kuacha.

Mkiacha, andika sababu kwenye safu ile ile ya ukutani, pamoja na namba zake, na aliyetoa wazo mpe nakala mkononi. Kikao kijacho jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya walioalikwa.